Nyumba Iliyopokea Wakwe Ikiwa na Shimizi Tu

Niliingia kazi ya paa kwa sababu ambayo sikumwambia mtu: mvua ikinyesha, fundi wa paa anashuka, anakunja kamba yake, anakwenda zake nyumbani. Na mimi ni mtu wa nyumbani. Nina nyumba yangu ya Buyenzi, kiti changu, chai yangu ya tangawizi, na mke wangu wa kunisimanga pale karibu. Nitafute nini zaidi? Wengine walilia masika yakifika. Mimi niliyangoja kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Sasa goti limekataa ngazi, nimestaafu, na ninyi mnaobaki huko juu mmeniomba niandike kidogo. Nitaandika zaidi juu ya kile kitambaa kinacholala chini ya vigae. Vitabu vya Kifaransa vinakiita sutwatiri. Sisi mafundi, mteja akiwa mbali, tunakiita shimizi, maana nyumba inakivaa ndani ya gauni. Kitambaa hicho ndicho kilichoniulia likizo zangu zote, na bado sijaona kitu kilichonipendeza zaidi katika kazi hii. Mke wangu anasema hata yeye sijawahi kumsifu hivyo. Ana haki.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikadhani kazi yoyote inaanza kwa kusalimiana kwa mikono. Kapita wetu, msimamizi wa kikosi, aliitwa Byamungu, Mkongo wa Uvira, mfupi, mwenye penseli sikioni hata anapokula. Alinitazama kuanzia chini.

"We umekuja kupiga paa ao kuoa?"

Nikavua viatu. Kosa la pili. Bati la saa sita la Bujumbura halina tofauti na kikaango, na mimi nilipanda peku. Nilirukaruka pale juu mpaka Saidi, kijana wa Buyenzi tuliyeanza naye wiki moja, akaita watu wa barabarani: "Kujeni mutazame! Huyu anacheza na ngoma haijapigwa!" Saidi huyo nimefanya naye kazi mpaka mwisho, na hajaacha kuisimulia siku hiyo. Kila mwaka miruko inaongezeka.

Kapita alikuwa na chombo kimoja ambacho hamtakikuta dukani: chupa ya plastiki yenye kitundu kwenye kifuniko. Akimaliza sehemu ya paa anamwaga maji kidogo kidogo, anachuchumaa, anayatazama yanakokwenda. Tukimharakisha anajibu: "Mayi haina haraka. Mayi itakungojea miaka kumi mpaka ikute tundu yako."

Miaka ya mabati ilikuwa hiyo: nyundo, mita, kamba, na shambureri. Mlioanza juzi hamjui shambureri. Tulipita kwa makanika wa Buyenzi, tukaokota mipira ya ndani ya magurudumu iliyokufa, tukaikata vipande vya duara, kila msumari ukapewa kofia yake ya mpira ili maji yasipite tunduni. Nusu ya mji huu ililala pakavu kwa sababu ya magurudumu ya watu wengine. Nilikuwa naikata nyumbani, kitini, nikiita hiyo kazi ya ofisi.

Halafu watu wa Kinindo wakataka vigae. Vigae vya udongo ni vizuri, havipigi kelele, havichomi nyayo. Lakini Kinindo iko karibu na ziwa, na upepo wa ziwa hauna adabu. Unakuja chini chini, unainua mvua, unaisukuma kwenda juu, chini ya vigae, mahali ambapo maji yenye malezi hayaendi. Tulirudi kwenye nyumba zile zile kila masika. Mteja anaonyesha doa kwenye plafo, yaani dari, Kapita anapanda, anakuta kigae hakikupasuka, hakikusogea. Anashuka amenuna. Kwa mtu aliyeishi kwa kuyafuata maji, hiyo ilikuwa dharau.

Ndipo zikaja rulo za shimizi, zimeviringishwa kama mikeka. Mteja mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo alizileta pamoja na vitu vyake, kitambaa cha kijivu, chepesi kama karatasi ya kufungia andazi. Tulicheka. Saidi alijifunga kipande kiunoni akatembea kama bibi harusi. Kapita hakucheka. Alikata kipande kama kitambaa cha mkono, akaomba kikombe cha chai ya moto. Akafunika kikombe kwa kile kitambaa, juu yake akapindua glasi kavu. Tukakizunguka kile kikombe kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Glasi ikaanza kuingia ukungu.

"Inapumua!" Kapita akasema. Akatoa glasi, akachukua chupa yake, akamwaga maji juu ya kile kitambaa. Maji yakakaa pale juu, duara, yanang'aa, chai chini haikuguswa. "Inapumua na aiko nanyonya! Mvuke iko napanda, mayi aiko nashuka! Nyie, mumeona?"

Sijamwona mtu mzima kafurahi hivyo kazini. Chai alikunywa akiwa amesimama, akaanza kupanda ngazi kabla hajameza. Mimi pia, nakiri, kitu kiliniruka kifuani. Miaka yote tulikuwa tunapigana na maji kwa kuziba, na hapa palikuwa na kitu kinachojua kipi cha kukataa na kipi cha kuruhusu kipite.

Furaha yangu ilidumu mpaka mvua ya kwanza. Mawingu yakajaa, nikaanza kukunja kamba kama kawaida. Kapita akaniuliza naenda wapi. Nyumba imeshafunikwa, akasema, hata bila vigae; ndani ni pakavu, kuna plafo la kupigilia. Hivyo ndivyo likizo yangu ilivyokufa, mchana, mbele ya mashahidi.

Mnajua jinsi ya kukitandika, lakini mzee aliyestaafu asiporudia ataumwa. Unaanza chini, kwenye ukingo, unapanda. Kipande cha juu kinakilalia cha chini shibiri nzima, ili maji yakishuka yakute mgongo, yasikute mlango. Juu ya kila shevro, zile mbao za mshazari, unapigilia fito ya kukibana kitambaa, halafu fito za kulala za kubebea vigae. Jua ni adui yake, usikiache uchi miezi. Na lililo kubwa kuliko yote: usikivute.

Hili la kuvuta ndilo ugonjwa wetu wa hapa. Sisi ni watu wa ngoma. Tumekua tukiona ngozi inavutwa juu ya mzinga wa ngoma mpaka inalia, na mtu akiipiga kwa kidole ikajibu, tunasema huyo ni fundi. Basi mpe Mrundi kitambaa na fremu, atakivuta. Kapita alikuwa anapiga kelele kutoka chini: "Apana vuta! Iko ngozi ya ngoma hii? Ilegeze! Mayi inapenda bonde, ipe bonde yake!" Maana kikilegea kidogo kati ya shevro mbili, maji yanapita katikati, mbali na misumari. Kikikazwa, maji yanatawanyika, yanazurura mpaka kwenye tundu za misumari, na huko yanapiga hodi.

Kesi ngumu nilizipata nyingi, nitawapa moja. Nyumba ya Kigobe, kiangazi kikali, wiki nyingi bila tone angani, na asubuhi plafo linadondosha maji. Mwenye nyumba alikuwa ameshaleta watu wa maombi. Nilipofika wako sebuleni wanakemea, na maji yanadondoka taratibu, hayana habari. Nikapanda. Fundi wa kwanza, kwa kubana matumizi, alikuwa ametandika shitingi chini ya vigae, ile ile plastiki ya mahema. Shitingi haipumui. Mvuke wa jikoni, wa bafu, wa watu wanaolala ndani, wote ulipanda usiku, ukakuta plastiki ya baridi, ukageuka maji, ukarudi kwa wenyewe. Nikawaambia: "Hii mvua ni yenu. Mumeipika wenyewe." Kiongozi wa maombi alisema amina, akaomba nimwangalizie na paa la kwake.

Basi nifike kwa Mama Ninette.

Kapita alikuwa ameshazeeka amerudi Uvira, na kikosi kilikuwa changu. Mama Ninette ni mjane wa Kinindo. Tulikuwa tunamwekea paa jipya la vigae, na siku ya kusaba ilikuwa imepangwa: upande wa mvulana waje kumwomba binti yake, Ninette. Shimizi ilikuwa imetandikwa, fito zimepigwa, vigae havikuwapo. Mafuta yalikuwa yameadimika, na lori letu lilikuwa limekaa huko juu milimani, limelala kwenye foleni na vigae vyetu mgongoni.

Kaka wa marehemu mumewe, ami wa Ninette, ambaye wote tulimwita tonto Gaspard, anakaa Kigobe, nyumba kubwa, paa kamili. Alikuja Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, akasimama sebuleni, akatazama juu. Plafo halikuwapo, ulikuwa unaona kitambaa chote, kijivu, hadi kileleni.

"Apana, shemeji," akasema. "Mutoto wetu haombwi chini ya karatasi. Wageni waende kwangu."

Alisema kwa upole, na pengine kwa nia njema. Lakini kila mtu pale alielewa. Binti anaombwa nyumbani kwao. Akiombwa Kigobe, basi kwao ni Kigobe, na Mama Ninette, aliyemlea peke yake tangu baba yake afariki, angefika kwenye kusaba kwa binti yake kama mwalikwa, akaonyeshwa kiti.

Mama Ninette aligeuka akatoka. Alinifuata uani.

"Papa Zaka, usinifariji. Niambie ukweli. Mvua ikinyesha, itashika?"

"Ngoja nipande, Mama."

Nikapanda. Upande wa barabarani ulikuwa sawasawa. Upande wa ziwa ulikuwa kazi ya Saidi na watu wapya tuliowatoa kwenye mabati. Saidi akanifuata, anatabasamu, akapenyeza kidole kati ya fito, akakipiga kitambaa. Kikajibu: dum.

"Sikia hiyo, Papa Zaka! Inalia!"

"Saidi. Miaka yote hii na mimi."

Tabasamu likashuka peke yake. "Vijana walivuta. Nikaona imependeza."

"Imependeza. Upepo wa ziwa ukija, itapendeza mpaka kwenye mapaja ya wakwe."

Tulikuwa na rulo za akiba, na siku moja. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kuufungua upande mzima kesho yake kulikuwa na hatari: mvua ikitukuta katikati, nyumba iko wazi. Kuuacha kulikuwa na hatari ileile, ila mbele ya watu. Nikasema tunafungua.

Ijumaa asubuhi Mama Ninette alitoka na sufuria mkononi, akakuta upande mmoja wa nyumba yake ni mbao na anga.

"Papa Zaka! Munavua nyumba nguo siku ya kuamkia wageni?"

"Tunaivika vizuri, Mama! Ile ilikuwa inaibana!"

"Ikininyeshea, mutanioa nyie!"

"Saidi bado ana nafasi!" nikamjibu, na Saidi, juu ya kilele, akaapa kwamba wake zake wawili wanamtosha na wanazidi. Tulicheka, lakini mikono haikusimama. Tulianza ukingoni, tukapanda, shibiri kwa shibiri, na mimi nilikuwa nasikia sauti yangu inapiga kelele za Kapita: legeza, ipe bonde! Tonto Gaspard alikuja tena mchana, akasimama chini akitusikiliza, mikono nyuma. Tulipofunga fito ya mwisho matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Manyunyu tu, yakapita.

Nikatangaza kwamba Jumamosi nitapumzika nyumbani kwangu. Mama Ninette akakataa.

"Utavaa suti, utakaa ndani, chini ya kazi yako."

Suti ninayo moja. Aliniketisha pale pale pa hatari, chini ya mfereji ambapo pande mbili za paa zinakutana. Mwanamke huyo angeweza kuongoza kikosi.

Mnajua desturi: pande mbili zinatazamana, kila upande na msemaji wake, na wasemaji wanarushiana maneno ya kupambwa kabla mtu hajamtaja msichana. Msemaji wa upande wetu, kama kaka wa baba, alikuwa tonto Gaspard mwenyewe. Alikubali kuja, lakini kwake Kigobe vinywaji na viti vilikuwa tayari, na kila mtu alijua. Tone moja, na tungepakiwa kwenye magari.

Msemaji wa wakwe, mzee mrefu mwenye kofia, akasimama. Walisema Kirundi cha heshima. Nawapa kwa Kiswahili chetu.

"Tumetoka mbali," akasema. "Tumeambiwa humu mna ua. Lakini tukitazama juu, tunaona nyumba yenyewe bado inavaa. Je, tumefika mapema? Tutoke nje, mtuite ikiisha?"

Upande wao ukaangua kicheko. Upande wetu macho yote kwa Gaspard. Ndugu zangu, hapo niliona desturi inavyomshika mtu shati. Alilolisema siku mbili nyuma kuhusu karatasi lilikuwa la kifamilia. Hili lilikuwa la ugenini, na msemaji hawezi kuiacha nyumba ya kwao ichekwe. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mgeni wetu," akasema polepole, "sisi kwetu tunaanza na nguo ya ndani. Sijui nyie kwenu, labda munaanza na koti."

Kicheko kikahamia upande wetu. Angeishia hapo. Lakini kilimpanda kichwani.

"Na nguo hiyo mafundi wameilegeza kwa akili, maji yapite kwenye bonde lake. Haipitishi tone. Likianguka tone moja mbele yenu, tunapunguza ng'ombe mmoja kwenye mahari!"

Mungu wangu. Kama vile mtu alikuwa anangoja nje akisikiliza, upepo wa ziwa ukapiga madirisha, na mvua ikashuka.

Mvua ya Kinindo mnaijua. Upande wa wakwe wote ukainua nyuso juu, wazee kwa vijana, wanaomba tone. Upande wetu wote ukainua nyuso juu, tunaomba lisije. Chumba kizima cha watu wenye heshima zao, vichwa nyuma kama kuku wanaokunywa maji. Gaspard, aliyelitaka tone hilo kuanzia Alhamisi, alikuwa anatazama juu kwa hofu kuliko sisi sote.

Nikaona kitambaa kinatikisika, kikaingia kidogo, kikatulia. Maji yalikuwa yanapita katikati ya kila bonde. Ulikuwa unaona kivuli chake kinateremka. Tone likaniangukia mkononi. Nikatazama juu: pakavu. Lilikuwa jasho la paji langu la uso. Nikalificha mfukoni pamoja na mkono, maana ng'ombe ni ng'ombe.

Na hapo nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: nilisikia watu wanapumua. Chini ya mabati, mvua ile ingetufanya tusemezane kwa vidole. Kitambaa kilichovutwa kingepiga kama ngoma kumi. Hiki kilicholegea kilikuwa kinavuma tu, shhh, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mzee mwenye kofia alingoja, akatazama kona zote, akavua kofia.

"Basi," akasema bila kupaza sauti, na mpaka watu wa mlangoni walimsikia. "Nyumba imevaa. Tunamwomba msichana."

Ninette akaletwa, akaulizwa, akakubali, shangwe zikapigwa, nami nilipiga makofi kwa mikono miwili mpaka Saidi, aliyekuwa anachungulia kwenye dirisha la jikoni, akaniashiria nikae chini nisimwaibishe. Sijui kama nilisimama kwa ajili ya mahari au kwa ajili ya paa.

Mvua haikukoma. Tonto Gaspard, mtu aliyezoea kuongoza, akasimama tena, akawaambia wageni kwamba sasa, kwa ajili ya kula na kunywa kwa nafasi, magari yako tayari, twende Kigobe.

Mama wa msichana hasemi siku hiyo. Mama Ninette alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, mikono juu ya kanga yake. Akainuka, akaenda akasimama mlangoni.

"Shemeji, mvua bado inanyesha. Wageni wangu unawapeleka wapi?" Akasogeza kiti kimoja, kile cha mbele. "Kaa. Uko kwangu."

Tonto Gaspard akatazama juu, akalitafuta tone kwa mara ya mwisho. Halikuwapo. Akakaa.